Maji Kabla ya Josho

Hakuna mtu aliyeingia uani kwa Bwana Josho akafanikiwa kusema shida yake kabla ya kunywa maji. Hata kama umekimbia na habari ya msiba, alikunyooshea kikombe cha bati na kusema, "Kunywa kwanza." Ukisema huna kiu, alikutazama mpaka unywe. Mimi nilianza kunywea kikombe kile nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale Nyakato, na kwa miaka mingi nilidhani ni ukarimu tu. Sababu yake niliijua baadaye. Nilipoijua niliogopa, na hofu ile haijanitoka. Ndiyo inayoniandikisha haya.

Jina lake halisi alikuwa nalo. Sisi tulimwita Bwana Josho kwa sababu miaka yake ya nguvu yote aliimaliza akiogesha ng'ombe wa watu dawa ya kupe, kwanza upande wa Bunda, halafu Butiama. Nyumbani Nyakato alikuja mwisho wa wiki, akishuka kwenye lori lolote lililokubali kumbeba, na sisi watoto tulimjua kwa harufu kabla ya kumwona. Nitaieleza harufu hiyo. Naiahirisha kwa makusudi, kwa kuwa kila nikifika hapo mkono unasita.

Niseme kidogo kuhusu mimi ili msomaji ajue anaongozwa na mtu wa namna gani. Ni fundi cherehani niliyejifundisha mwenyewe. Miaka ile ya foleni, nguo zilipoadimika, nilifumua gauni la mama lililochakaa ili nione lilivyoungwa, nikaliunga tena, nikafumua tena, mpaka nikaelewa. Mpaka leo mshono ukipinda hata kwa unene wa uzi siwezi kulala. Wateja wananicheka. Na hivyo nilivyo kwenye kitambaa ndivyo nilivyo kwenye mwili wangu: nasikiliza. Nikikohoa, nakaa nikingojea kama kitafuata kingine. Kifua changu nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu.

Josho lake nililiona likifanya kazi mara moja tu. Mama alikwenda Butiama kuwatembelea ndugu zake, nikaenda naye, tukapita kumsalimia. Lilikuwa handaki refu la saruji lenye maji ya rangi ya chai iliyolala. Ng'ombe walipangwa kwenye ujia wa magogo, mmoja nyuma ya mwenzake, wakaruka upande wenye kina, wakaogelea, wakatokea upande wa pili kwenye ngazi wakitiririka. Bwana Josho alisimama ukingoni na fimbo ndefu yenye panda, akikizamisha kila kichwa mara moja, kwa upole, kama anayembatiza mtu.

Kabla ya hapo alikuwa amechanganya dawa. Dawa mpya ya maji, ile iliyokuwa inaletwa kwenye madebe, ilikuwa imekosekana kama sabuni na mafuta ya taa, kwa hiyo walikuwa wamerudia mapipa ya zamani yaliyosahauliwa stoo. Dawa ya zamani ilikuwa unga. Aliuchota, akaumwaga, akakoroga, na unga ukapaa. Alipogeuka kutusalimia nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Baba, umezeeka asubuhi hii hii," mama akamtania.

"Nimezeeka vizuri," akajibu. "Kupe hanigusi mimi. Nilishaogaga siku nyingi."

Akacheka, akakohoa, akatupa maji ya kunywa.

Siku hiyo niliona pia ukali wake. Kijana mmoja alileta ng'ombe wa baba yake kutoka mbali, wakihema, ndimi nje. Alitaka awaingize haraka arudi. Bwana Josho akaweka fimbo yake kukinga ujia.

"Wamekunywa?"

"Watakunywa tukirudi, Mzee. Mto uko njiani."

"Mwenye kiu haogi. Wapeleke wakanywe, wakishiba maji uwalete."

"Mzee, jua linaenda."

"Liache liende. Akiingia humu na kiu yake atakunywa dawa. Nyumbani utafika na ngozi, utamwambia baba yako nini?"

Kijana akanung'unika kwamba mzee huyu ana roho mbaya, lakini akawapeleka. Waliporudi, Bwana Josho akapita akiwakagua mmoja mmoja, akawapapasa mapaja na shingo, akamtoa ndama mmoja aliyekwaruzwa na miiba begani. Nyama ilikuwa nyekundu, haijafunga. "Huyu arudi. Mwenye kidonda haogi. Dawa inapita mlango uliofunguliwa." Ndama yule akafungwa pembeni, akabaki analia huku wenzake wakiruka majini.

Hizo ndizo zilizokuwa sheria zake mbili, mwenye kiu na mwenye kidonda, na ile ya kwanza ndiyo iliyozaa kile kikombe cha uani. Nimezitafakari sana. Mtu aliyejua kwamba dawa ile inaua ng'ombe mzima kwa kuinywa, na inamdhuru ndama kwa mkwaruzo tu, aliwezaje kusimama kwenye wingu la unga wake bila hata kitambaa puani? Nilipomuuliza, nikiwa mkubwa, alinishangaa. Kwake unga na maji vilikuwa vitu viwili. Dawa ilikuwa dawa ikishalowa. Ikiwa kavu ilikuwa vumbi, na vumbi ni vumbi. Nani amewahi kufa kwa vumbi mkoa huu wa Mara?

Mambo mengine aliyakagua kwa ukali wa kuchekesha. Sangara walipojaa ziwani na watu wakaacha kulalamika njaa, yeye alikataa kuwala. "Huyu samaki ni mgeni, simjui baba yake." Alitaka furu na ningu, samaki wa utoto wake, na walipozidi kuadimika alikula dagaa na kusema anasubiri wenyeji warudi. Mitumba ilipoanza kuingia sokoni kwa marobota alinunua koti zito la baridi, akaja nalo kwangu, ingawa bado nilikuwa mtoto wa shule.

"Binti, aliyevaa hili alikuwaga mnene. Mpunguze."

Nilipunguza. Bitana lilikuwa limeoza kwapani. Nikashona, likachanika pembeni ya mshono. Nikashona tena, likachanika mbele zaidi. Nilikaa na koti lile siku nyingi kuliko kazi yoyote. Nilimweleza kwamba uzi ni mzuri na mkono ni mzuri, ila kitambaa chenyewe hakishiki tena. Akaniambia niweke kiraka nisilie. Nilikuwa kweli karibu kulia.

Sasa ile harufu. Ilikuwa harufu ya kitunguu saumu. Ilitoka kinywani mwake, na jasho lake liliibeba. Mkewe, tuliyemwita Bibi, alikuwa na ulimi mkali na aliifanyia mzaha mbele ya wageni. "Huyu anakula kitunguu saumu huko Butiama, kwangu analeta harufu tu. Mwanamke anayempikia namwombea afya." Bwana Josho aliapa kwamba hali kitunguu saumu. Sote tulicheka. Nikikumbuka kicheko kile sasa, na mimi nikiwemo, nafungua dirisha.

Viganja vyake vilikuwa na vipele vigumu kama punje za mtama zilizozama kwenye ngozi. Watoto walipenda awakune mgongo. Alipukuchua mahindi kwa kuyasugua tu, akisema Mungu amempa msasa bure. Na kifuani, akivua shati kwenye joto, ngozi ilikuwa na madoa, meusi na meupe yamechanganyika, kama vumbi la uani linavyokuwa matone ya kwanza ya mvua yanapoanguka. Hakuna aliyemwuliza. Tulidhani ndivyo wanavyokuwa watu wa kazi ile, kama wavuvi wanavyokuwa na macho mekundu.

Halafu yakaja mabadiliko. Wafugaji wakaambiwa dawa wajinunulie wenyewe, na wengi hawakuweza. Josho likakauka, nyasi zikaota kwenye ngazi. Bwana Josho akarudi Nyakato moja kwa moja, na jambo pekee aliloomba pale kijijini lilikuwa magogo ya ule ujia na mbao za stoo. Wakampa. Akayaleta kwa lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, na alipoyashusha alikuwa na fahari ya mtu aliyeoa mke wa pili.

"Angalieni," akawaambia majirani, akigonga gogo kwa fundo la kidole. "Yalichimbiwa mimi nikiwa kijana. Kuna mchwa hapa? Tafuta hata mmoja." Hakukuwa na mchwa. Ng'ombe walikuwa wameyarushia dawa mwaka hadi mwaka, na mengine, alitusimulia akicheka, aliyatosa joshoni mwenyewe kabla ya kuyasimika. "Niliyaogesha. Mti nao una kupe wake."

Yaliyonyooka aliyapanga juu ya dari la jiko na hakuruhusu mtu kuyagusa. Yaliyopinda na yaliyopasuka yakawa kuni, maana mkaa ulikuwa umepanda na kuni zilitoka mbali. Moshi wake, ndiyo, ulinuka kitunguu saumu.

Hapo ndipo neno moja lilipotuponza. Kwetu dawa ni dawa. Ya kupe ni dawa, ya mchwa ni dawa, ya kifua ni dawa. Magogo yale yaliitwa kuni za dawa, na kitu kikishaitwa dawa watu huuliza kinatibu nini. Bibi aligundua kwamba mbu wanaukimbia ule moshi. Jirani mmoja mwenye mafua akakaa jikoni akapiga chafya sana, pua ikafunguka, akasema amepona. Basi ikaenea. Mwenye mafua, mwenye kubanwa, alikuja jikoni kwa Bwana Josho, akanyweshwa maji, akakalishwa karibu na mafiga.

Mimi nilipelekwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, nikiwa na kikohozi kisichokatika. Mama alinifunika kitenge kichwani. Macho yaliniwaka, koo likakauka. Nilitaka kutoka, na sauti ya Bwana Josho, nzuri kabisa, ikaniambia kutoka nje ya kitenge: "Vuta, mwanangu. Vuta tu, dawa hiyo." Nikavuta. Nilikuwa mtoto wa kufanya kila jambo sawasawa. Nilivuta mpaka mwisho, nikashikilia, nikaachia taratibu, nikavuta tena.

Siandiki hili nimlaumu. Angejua, angekinga ule mlango kwa fimbo yake kama alivyomkingia yule kijana. Nalisema kwa sababu ndilo linaloniamsha.

Kikohozi changu kilikwisha. Chake kikaanza kukaa. Kwanza kilikuwa cha asubuhi, akatania kwamba ni jogoo wake. Kisha kikawa cha mchana pia. Alikuwa akipata mafua madogo yanayomwisha kila mtu upesi, kwake yakigeuka makohozi ya wiki kwa wiki, yakipungua kidogo, yakirudi. Hakuwahi kupona kabisa kati ya ugonjwa na ugonjwa. Aliacha kuzungumza akitembea, akawa anasimama ndipo aseme, halafu anaendelea. Alijifanya amesimama kuangalia kitu. Alisimama akaangalia kuta tupu.

Bibi hakupenda hospitali, kwa hiyo niliyempeleka ni mimi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Halafu akakamata viganja vyake, akavigeuza, akavisogeza dirishani.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kuogesha ng'ombe."

"Dawa ya unga au ya maji?"

"Zote. Ya unga ndiyo niliyoizoea."

Akamwomba afungue shati. Alipoyaona yale madoa hakuuliza tena. Akakaa, akatueleza bila haraka, nami nakushukuru kwa hilo popote ulipo, daktari. Alisema ule unga wa zamani ulikuwa na sumu inayoitwa aseniki, na kwamba inaacha alama zake kwenye ngozi, kisha inakwenda kufanya kazi isiyoonekana. Ndani ya njia ya pumzi, alisema, kuna ngozi laini sana, yenye vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu juu utoke. Kila siku ngozi hiyo inachubuka, kwa vumbi, kwa moshi, kwa mafua. Kwa mtu mzima wa afya, sehemu iliyo salama hutambaa na kuifunika iliyochubuka, kidonda kinafunga, maisha yanaendelea. Mwenye sumu hii mwilini, kufunga kunachelewa, au kunafanyika vibaya. Uchafu unabaki, vijidudu vinakaa, kidonda kinachubuliwa tena kabla hakijapona. Na katika kujishona kule kubaya, alisema akipunguza sauti, mara nyingine huota kitu kisichotakiwa. Alitaka apigwe picha ya kifua.

Nilikuwa naona bitana la koti. Uzi upo, mkono upo, kitambaa hakishiki.

"Ameacha kazi zamani," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Hiyo ni heri. Nyumbani hakuna tena hiyo dawa?"

Bwana Josho akajibu kabla yangu. "Hakuna. Kuna kuni tu."

Ilibidi nieleze kuhusu zile kuni. Niliona uso wa daktari ukibadilika, akaiweka kalamu chini. Sumu ile haiungui ikaisha, alisema. Inapanda na moshi, na inayobaki inakaa kwenye majivu. Mtu asizichome, asizipikie, majivu yasiwekwe bustanini. Nikamwuliza, nikijaribu kuifanya iwe swali la kawaida, kuhusu mtu aliyeuvuta moshi ule zamani kidogo, akiwa mtoto. Akaniangalia.

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Basi usiuvute tena. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya kwamba najua."

Jibu la kweli, na nimeishi nalo kama mtu anayeishi na mgeni asiyesema anaondoka lini.

Njiani kurudi Bwana Josho alikuwa mchangamfu. Aliona daktari ni mtu wa heshima, ila hajawahi kushika ng'ombe. Jioni ile, kabla jua halijazama, nilisikia shoka. Nikatoka mbio, mdomo nimeuziba kwa ukingo wa kanga. Alikuwa ameketi mbele ya mafiga na kuni imeshashika. Bibi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwambie wewe," Bibi akasema. "Mimi nimesema mpaka meno yanauma. Kupikia hizo nimeacha leo. Anasema nampangia."

"Mzee, daktari amesema."

"Kunywa kwanza."

"Sinywi. Izime kwanza."

Hakuna aliyewahi kumkatalia kikombe. Akakiweka chini polepole. "Unanifokea, binti?"

"Naogopa, Mzee. Sifoki."

"Unaogopa moshi. Moshi huu ulikuponya wewe."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga tangu hospitalini, mazuri, yaliyonyooka, na yote yakanikimbia. Nikabaki na yule ndama.

"Ungemwingiza joshoni ndama mwenye kidonda?"

"Swali gani hilo. Mwenye kidonda haogi."

"Hata kikiwa kidogo?"

"Hata kikiwa cha mwiba. Wewe ulikuwepo."

"Daktari amesema kidonda chako kiko ndani. Kwenye njia ya pumzi. Hakijafunga, Mzee. Ni kibichi. Na wewe kila siku unajiingiza."

Moto ulilia kidogo. Alitazama ule moshi ukipanda na kupita mbele ya uso wake, kama anayeuona kwa mara ya kwanza una njia ya kwenda. Akaweka kiganja kifuani, pale penye madoa, akapapasa, kama alivyokuwa akipapasa mabega ya ng'ombe. Halafu akachukua kile kikombe cha maji nilichokikataa, akakimwaga motoni.

"Huyu arudi," akasema.

Bibi akageuka akaingia ndani. Nadhani hakutaka tumwone.

Zile kuni tulizifukia, na majivu yake, mbali na kisima na bustani, nami nilifunga vitambaa vitatu usoni mpaka Bibi akasema naonekana kama mwizi wa benki. Lakini yale magogo ya darini alikataa. Nilidhani ni ubishi umerudi. Kwa siku nyingi nilikuwa nakwenda kuyatazama pale juu kama mtu anayemchunguza nyoka, nikifikiria mvua, panya, watoto wa watu. Mwishowe nilimwuliza anayawekea nini.

"Jeneza," akasema, kama anayetaja meza.

Alikuwa ameyachagua tangu siku yaliposhushwa kwenye lori. Mambo mengi yalimshinda maishani, aliniambia akipumzika kati ya maneno, lakini mchwa hawatamshinda. Nilikaa nikalipima wazo lile kila upande, kama ninavyopima kitambaa, nikitafuta kasoro. Chini ya ardhi, mbali na maji, hayachomwi, hayapikiwi, hakuna mtu wa kuyavuta. Nilikuta kasoro moja tu, ikanikaba: jeneza ni mbao, na mbao hupasuliwa kwa msumeno.

Fundi seremala alitoka Kamunyonge, kijana wa maneno mengi, akaweka gogo la kwanza juu ya farasi wake wa mbao wa kupasulia na kushika msumeno. Nikamwambia asubiri. Nikamweleza unga wa mbao utamwingia puani, na unga ule una sumu.

"Dada, mimi nimekula unga wa mbao tangu nazaliwa. Ndio uji wangu."

"Huu si uji."

"Basi nifanyeje, niukate kwa meno?"

Bwana Josho alikuwa amekalishwa upande upepo unakotokea, na lile koti lenye kiraka mabegani. Akanyoosha mkono tungojee. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kutosha, sote tukasimama tukimngoja.

"Zinyweshe kwanza," akasema.

Fundi hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja. Tulimwagia magogo maji mpaka yakachuruzika, tukamfunga fundi kitambaa kilicholowa, na kila msumeno ulipokauka tulinywesha tena. Vumbi halikupaa. Lilidondoka chini kama uji mzito, tukalikusanya, tukalifukia pamoja na yale mengine. Ilikuwa kazi ya polepole na fundi alilalamika hadi mwisho, lakini alimaliza, na jeneza lile hakulipitisha randa. Lilibaki na sura ya ujia wa ng'ombe. Ndimo alimo sasa.

Mara ya mwisho kuzungumza naye jeneza lilikuwa limeshamalizika, limesimamishwa ukutani nje, limefunikwa turubai. Nilikuta amekaa kitandani, ameegemea mito, kwa sababu alikuwa hawezi tena kulala chali. Picha ya kifua ilikuwa imeshasema yake: kile kisichotakiwa kilikuwa kimeota. Kila pumzi yake ilikuwa na mlio mwembamba, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Nilisimama mlangoni nikiibana pumzi yangu. Mpaka leo sijui kwa nini niliibana, hapakuwa na moshi.

"Shikamoo, Mzee."

Akaitikia kwa kope. Kisha akasukuma kile kikombe cha bati kwenye kigoda, kwa vidole vile vya punje, kidogo kidogo, mpaka kikanifikia.

"Kunywa kwanza."

Nikanywa yote. Sikuwa na kiu, na sikutaka kujua ni kitu gani anachoona siwezi kukipokea nikiwa mkavu. Alinitazama mpaka nikageuza kikombe kumwonyesha ni kitupu.

"Ulikuwa mtoto," akasema. Akapumzika. "Ulikuja na kitenge." Akapumzika tena. "Nikakwambia vuta."

"Ndiyo, Mzee."

"Sikukukagua."

Nikasema haikuwa kosa lake, nikasema nimepona siku nyingi, nikasema maneno ya kujaza chumba. Hakuyasikiliza. Alinipa ishara nikae kitandani, nimpe mgongo. Nikakaa. Nikausikia uso wake ukisogea, uzito wa kichwa chake, halafu sikio lake, la moto, likajilaza kati ya mabega yangu. Na kiganja kile kigumu kikaja kando yake, kikatulia.

Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa daktari. Niliogopa nitakohoa. Niliogopa atasikia kitu ambacho mimi, kwa kusikiliza kwangu kote, nimekikosa. Nyuma yangu pumzi yake ilikuwa inachanika, inaungwa, inachanika.

"Vuta," akasema.

Nikavuta mpaka mwisho, nikashikilia, nikaachia taratibu.

Akalihamisha sikio chini kidogo.

"Tena," akasema, na mimi nikavuta tena.